Mtani Wangu na Karatasi B

Nianze kwa kukiri kwamba sijamsamehe. Watu wanaosimulia mambo ya zamani hupenda kukuzungusha weee mpaka mwisho ndipo waseme kama walisamehe au hawakusamehe. Mimi sina subira hiyo. Sijamsamehe, na mvi zimeshaanza kuniota.

Alikuwa mtani wangu. Mimi ni Mnyamwezi wa Tabora, yeye Mzaramo wa Kisarawe, na kwa asiyejua, makabila yetu haya yametaniana tangu mababu zangu waliposhuka pwani na mizigo kichwani wakawakuta mababu zake wamekaa kivulini wanawacheka. Mtani anaweza kukuita mjinga mbele ya wakwe zako. Anaweza kuingia kwako akakamata kuku, akaondoka naye, na wewe ukabaki unacheka. Kwenye msiba wenu anaweza kujilaza kaburini na kukataa kutoka mpaka mumbembeleze. Sheria ni moja tu: mtani hakasirikiwi. Ukikasirika, aibu ni yako, na watu watasema hukulelewa.

Nilifika Houston katikati ya miaka ya tisini, nikafikia kwa dada yangu mkubwa, pale Sharpstown, kwenye ghorofa ya pili ya majengo ya kupanga ambayo jioni yalinuka vitunguu vya mataifa kumi. Dada alikuwa anafanya kazi hospitali. Mumewe, yaani shemeji yangu, alikuwa mtu mkimya, mwema kwa kipimo, na kipimo chenyewe alinipa wiki ya kwanza tukiwa mezani. Alisema atakaa na mimi miaka miwili. Ndani ya miaka miwili nisome chuo cha jamii, kile cha ngazi ya chini, kisha niwe nimehamia chuo kikuu kile kikubwa cha mjini, ambako kuna mabweni na kazi za wanafunzi. Nisipohamia, nirudi Tabora. Hakusema kwa ubaya. Nyumba ilikuwa na vyumba viwili na watoto wawili, na mimi nililala sebuleni.

Sikuogopa. Kwa nini niogope? Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita kwenye mchepuo wa PCM, fizikia, kemia na hisabati, na katika hisabati hapakuwa na msichana aliyenitangulia shuleni kwetu. Kalkulasi nilikuwa naifanya huku nasuka nywele za mwenzangu. Nilijua nikifika Marekani nitapimwa, nitaonekana, na nitapangwa darasa linalonifaa. Miaka miwili ilikuwa mingi.

Siku ya mtihani wa kupimwa, aliyenipeleka ni mtani. Alikuwa amenitangulia Marekani kwa miaka sita, ana gari Toyota nyeupe, na kila Mtanzania wa upande wetu aliyehitaji kupelekwa mahali alimwita yeye. Kila mtu alijua anasoma biashara katika chuo hicho hicho cha jamii na kwamba yuko karibu kumaliza. Tukawa tunashuka barabara kuu kuelekea chuoni, Stafford, mimi nimeshika mkoba mapajani. Ndani ya mkoba kulikuwa na penseli mbili, kifutio na kalkuleta ya shemeji. Akaniuliza nimebeba nini, nikamwambia.

Akatikisa kichwa. Akasema kwa sauti ya mtu anayemhurumia mwenzake kwamba kalkuleta niiache garini. Hapa ukikutwa nayo kwenye chumba cha mtihani umeiba, wanakufutia, na jina lako linabaki kwenye kompyuta maisha yako yote.

Nilimwamini. Na wewe ungemwamini, kama ulifanya mtihani wa kidato cha nne zama zetu. Sisi tulikuwa tunaingia na kitabu cha logi, kile chembamba cha majedwali, na msimamizi alikikung'uta kwanza kuona kama hujaficha karatasi ndani. Kalkuleta ilikuwa kitu cha mwenye duka. Kwa hiyo niliiacha kwenye kiti cha gari, nikamshukuru. Hilo la kumshukuru ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mlangoni pa chumba cha mtihani alikaa mama mmoja na mbele yake kikapu kimejaa kalkuleta. Nilipokiona moyo ulitulia, nikasema kumbe mtani hakukosea, hizi ndizo walizonyang'anywa wezi. Yule mama akakiinua kikapu akanisogezea na kutabasamu. Nikadhani ananijaribu. Nikamwonyesha mikono yangu yote miwili, mitupu, nikamwambia kwa Kiingereza changu cha shule kwamba mimi si mtu wa namna hiyo. Kisha nikamwomba kitabu cha logi. Hakujua ni kitu gani. Aliniambia nikakae.

Basi nikakaa mbele ya kompyuta, kila mtu na kibanda chake cha mbao. Huku na huku nilisikia watu wanabofya, nikadhani ni kompyuta zao. Mimi nikaanza kutafuta vipeuo vya pili vya namba zenye desimali kwa mkono, kwa ule mtindo mrefu tuliofundishwa tukiwa darasa la saba, na nikavipata, kimoja kimoja, sahihi mpaka desimali ya tatu. Nilijivunia. Muda ulipokwisha nilikuwa sijafika hata nusu ya maswali.

Walinipanga kwenye hesabu za sehemu. Nusu jumlisha robo. Chini yake hapakuwa na darasa jingine. Juu yake kulikuwa na ngazi mbili za aljebra za kuanzia, na zote tatu hazihesabiwi popote, chuo kikuu hakizitambui, ni za kukufikisha tu mahali ambapo elimu inaanza. Mshauri wa wanafunzi akanichorea kwenye karatasi: ngazi moja kwa semesta moja. Semesta tatu nimeshapoteza kabla sijaanza. Nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Miaka miwili haikutosha. Nilikuwa narudi Tabora.

Nilipomwambia mtani nilichofanya mlangoni, alisimamisha gari pembeni. Alicheka mpaka akakohoa, akapiga usukani, machozi yakamtoka. Kisha akaniambia kwamba ilikuwa utani tu, hakufikiria kama naweza kukataa kalkuleta niliyopewa mkononi. Hebu fikiria. Alikuwa anafuta machozi ya kicheko na mimi nayazuia ya kilio.

Mwezi haukuisha, kulikuwa na Idi, na Watanzania wa upande wetu walikusanyika kwenye ukumbi mdogo wa yale majengo yetu, Waislamu kwa Wakristo, pilau kwa wote. Mtani akasimama katikati. Akaigiza kikapu, akamwigiza yule mama, akaniigiza mimi na mikono yangu juu. Akasema, "Mpagazi wangu huyu, babu yake alibeba pembe kutoka Tabora mpaka pwani hajachoka, yeye kashindwa kubeba kalkuleta." Ukumbi ulivunjika mbavu. Dada alicheka. Shemeji, ambaye hacheki, alicheka. Jirani yetu mmoja Mkenya aliniinamia akaniuliza, huyu jamaa anakutusi hivi mbele ya watu na wewe unanyamaza tu? Nikamweleza kuhusu utani. Akasema kwao angekuwa ameshapigwa.

Nami nilicheka. Ndiyo desturi. Nilicheka kwa meno yote, na ndani ya tumbo langu nikaapa kwa Mungu aliyeniumba kwamba nitamlipiza mtu huyu, na kwamba kitakachomrudia hakitakuwa kicheko.

Hasira ni chakula, wasikudanganye. Katika lile darasa la sehemu niligundua kitu ambacho mshauri hakuniambia: maabara ya hisabati. Niliposikia jina nilidhani kuna chupa na moto. Kumbe ni chumba kirefu chenye meza na walimu wasaidizi, ambako unachukua kitabu, unasoma mwenyewe, ukiwa tayari unaomba mtihani wa sura hiyo, ukifaulu unapewa ya pili. Hakuna kungojana. Ukimaliza kitabu mapema unaruhusiwa kuanza cha ngazi inayofuata. Wengi walikitumia chumba kile kwa sababu walikuwa wazito. Mimi nilikitumia kwa sababu nilikuwa na mtu wa kumuua.

Nilikuwa nafika mlango ukifunguliwa. Nilifanya mitihani miwili kwa siku, mara nyingine mitatu. Kila mlinganyo ulisema tafuta x, na mimi nilijua x ni nani. Nilimhamisha upande huu, nikamhamisha upande ule, nikamgawanya, nikamkata. Mkuu wa maabara, bibi mmoja Mtexas mwenye nywele nyeupe na viatu vya mpira, alianza kuja kusimama nyuma yangu. Siku moja aliniuliza kwa upole ni nani aliyenipanga kwenye sehemu. Nikamwambia nilijipanga mwenyewe. Kumweleza habari za utani kwa Kiingereza kungechukua semesta nzima.

Ngazi tatu nilizimaliza kwa semesta moja. Ya pili nikachukua aljebra ya chuo na trigonometria kwa pamoja. Kiangazi, wakati dada na watoto wanakwenda bwawani, nikachukua kalkulasi ya kwanza. Mwaka wa pili ulipoanza nilikuwa kwenye kalkulasi ya pili, na yule bibi aliniajiri kuwa msaidizi maabara, na beji ya plastiki kifuani. Nilikuwa nimerudi kwenye mstari. Nikifaulu kalkulasi ya tatu, na yule bibi akiniandikia barua, chuo kikuu kile kingenipokea, na shemeji angekuwa amepata alichotaka.

Na kila sikukuu mtani aliirudia hadithi. Ilikuwa inanenepa. Mara nilimwomba yule mama anikague nguo. Mara niliita polisi. Watoto wa dada, ambao ukiwasemesha Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza, walijifunza kuinua mikono juu wakiniona nashika penseli. Nilimaliza kalkulasi ya pili kwa alama ya juu kuliko wote darasani, na kwenye Idi ya pili mtu mmoja nisiyemjua alinisalimia, "Ndiye wewe wa kikapu?"

Semesta ya mwisho, mwezi wa pili, nimekaa mezani na beji yangu, mlango ukafunguka, akaingia mtani.

Alikuwa amevaa kofia, ameishusha mpaka machoni. Mkononi alikuwa na kitabu, nami vitabu vya maabara navijua kwa rangi. Kilikuwa cha kijani. Aljebra ya kuanzia, ngazi ya pili. Miaka minane Marekani, mtu wa biashara, karibu kumaliza, na hakuwa amevuka hesabu nilizozivuka mimi kwa wiki tano! Nilimtazama mpaka akanyanyua uso. Ala! Nilitamani dunia nzima iwe pale imwone.

Akaja taratibu. Alinyenyekea, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Akanieleza yote kwa sauti ya chini. Alikuwa amelifeli somo lile mara mbili. Hii ilikuwa ya tatu, na hakuna ya nne, chuo kinakutoa. Masomo mengine yote alikuwa ameyamaliza. Na kulikuwa na binti, Mtanzania mwenzetu, wazazi wake wanakaa Mesquite, kule upande wa Dallas. Baba wa binti alikuwa amesema cheti kwanza, ndoa baadaye. Akaniomba nisimwambie mtu.

Nikamwambia siwezi kumwambia mtu. Na kweli sikumwambia. Unadhani ni wema? Thubutu. Ningeweza kulitoa ukumbini sikukuu inayofuata, na watu wangecheka, naye angecheka pamoja nao, akanipiga begani, na mambo yangeishia hapo. Kicheko alikuwa nacho kingi. Mimi nilitaka kitu ambacho angekwenda nacho nyumbani akalala nacho.

Nikamfundisha, maana ndiyo kazi niliyoajiriwa. Alipouliza swali la tatu, nilimjibu swali la tatu. Kwamba la nne linafanana na la tatu, sikumwambia. Aliposema ameelewa, na mimi naona kwenye karatasi kwamba hajaelewa, nilimwambia vizuri, endelea. Hakuna mtu angeweza kunishika kwa kosa lolote. Nilikuwa mwalimu wa kufuata sheria, na sheria inaweza kumnyonga mtu taratibu sana.

Wiki ya mwisho akaja ameingia hofu. Mtihani wake wa kumalizia ulikuwa Alhamisi. Mitihani ile ilitungwa minne, A, B, C na D, maswali ya aina moja lakini namba na hadithi tofauti, ili watu wa siku tofauti wasipeane. Karatasi na majibu yake yalikaa kabatini, na ufunguo tulikuwa nao watu watatu: yule bibi, msaidizi mwingine wa jioni, na mimi. Mtani alilijua hilo. Akaniambia nimchungulizie tu. Nikakataa. Akasema mtani haombi, mtani anachukua, hilo hata babu zetu wanalijua.

Nilipanda basi siku hiyo kurudi Sharpstown, na maneno yake yalikaa nami njia nzima. Mtani anachukua. Sawa. Acha achukue.

Alhamisi wangefanya karatasi C. Nilijua kwa sababu ni mimi niliyezirudufu. Karatasi B ilikuwa imefanywa Jumatatu. Jumatano mtani alipokuja, juu ya meza yangu kulikuwa na bahasha ya kaki, wazi kidogo, na ndani yake majibu ya B, kurasa mbili, yamepigwa chapa safi. Hapakuwa na mtu mwingine chumbani. Nikamwambia nakwenda kunywa maji, na kwamba nitachelewa. Nilitaja kuchelewa makusudi. Nikatoka, nikasimama kwenye bomba la maji la koridoni na kuhesabu mpaka mia tatu. Niliporudi alikuwa amekwenda. Bahasha ilikuwa pale pale, imelala kwa upande mwingine.

Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinisuta, lakini ningekuwa naongopa. Nilikula ubwabwa wa dada siku ile kama mtu aliyetoka kulima.

Ijumaa asubuhi yule bibi aliniita ofisini. Mtani alikuwa ameshakaa, kofia mapajani. Juu ya meza kulikuwa na vitu vitatu na niliviona vyote kwa mara moja. Karatasi ya mtihani ya mtani. Majibu ya karatasi B. Na pembeni, kwenye karatasi yenye nembo ya chuo, barua yangu ya kwenda chuo kikuu, imepigwa chapa, haijatiwa sahihi. Siku ya mwisho ya kuipeleka ilikuwa Jumatatu.

Hapo ndipo niliposikia baridi. Mimi, mtu wa hesabu, niliyejua kuhesabu kila kitu, nilikuwa nimeipiga hesabu ya mtani tu. Yangu sikuipiga. Mchimba kisima huingia mwenyewe, nilikuwa nimelisikia tangu utotoni, na nilichimba nikiwa nimekodoa macho.

Bibi akaisoma karatasi kwa sauti, pole pole, kama anayemsomea mgonjwa. Swali la kwanza liliuliza upana wa bustani, na mtani alikuwa amejibu maili arobaini na tano kwa saa. Swali la pili liliuliza umri wa baba, na mtani alikuwa ameandika lita kumi na mbili. Aliendelea hivyo mpaka la ishirini, kila jibu sahihi, la karatasi nyingine. Hakuwa amesoma hata swali moja. Woga ulimfanya anakili tu, kutoka juu mpaka chini. Nilikuwa nimengoja siku hiyo kwa karibu miaka miwili, na niliisikiliza huku macho yangu yako kwenye barua.

Alipomaliza akasema kwamba kabati lile lina funguo tatu. Akanitazama mimi. Kisha akamgeukia mtani na kumwuliza nani alimpa majibu yale.

Mtani aliuchukua ule ukurasa wa B, akaiangalia herufi iliyo juu. Akaiangalia karatasi yake, herufi C. Akainua uso akanitazama, na nikamwona anaelewa. Alielewa yote, bahasha, maji, kule kuchelewa. Halafu macho yake yakashuka mezani, yakaenda mpaka kwenye barua, yakaisoma. Kiingereza alikijua vizuri kuliko hesabu. Nilisubiri. Neno moja lilitosha. Jina langu, basi, na Jumatatu ningekuwa nafunga mabegi.

"Niliiba mwenyewe," alimwambia bibi. "Yeye alikuwa amekwenda kunywa maji. Hajui kitu."

Bibi aliniambia kwamba kuacha majibu mezani ni uzembe ambao hakuutegemea kutoka kwangu, nikasema ndiyo mama, nikasema samahani. Akamwambia mtani kwamba safari yake na chuo kile imeishia hapo. Mtani alisema asante. Kisha bibi akachukua kalamu, mbele yake na mbele yangu, akatia sahihi barua. Alinipa mkononi. Wino ulikuwa bado mbichi na niliibeba kwa kuiweka mbali na nguo.

Nilimfuata mpaka maegesho. Alikuwa anatafuta ufunguo wa Toyota mfukoni, hana haraka yoyote. Joto la Houston lilikuwa limeshaanza kupanda kutoka kwenye lami. Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, nilikuwa na majibu ya kila tusi, nimeyatunza tangu Idi ya kwanza. Nikamwuliza kwa nini hakunitaja.

Alifikiri kidogo, kwa kweli alifikiri, kama mtu aliyeulizwa njia. Kisha akasema, "Kwani ningekutaja ningefaulu?"

Akaniuliza kama nataka lifti mpaka nyumbani. Nikakataa. Nilipanda basi, na basi lile lilizunguka saa nzima na nusu, na njia nzima nilikuwa nimeshika barua kwa mikono miwili.

Sasa niambie, mtu kama huyo unamfanyaje? Ningejua namna ya kuishi na adui aliyenishinda. Ningejua namna ya kuishi na adui niliyemshinda. Lakini yeye alininyang'anya kisasi changu, akanirudishia maisha yangu yote kwa sentensi tatu, hakudai kitu, hakuniambia hata kwamba ananidai. Nilimchukia siku ile kuliko nilivyomchukia siku ya kikapu. Siku ya kikapu nilikuwa na haki.

Chuo kikuu walinipokea. Shemeji alinunua keki, na kwa mara ya kwanza alinipa mkono kama mtu mzima mwenzake. Mtani hakuwepo. Watu walisema amehamia upande wa Dallas, amepata kazi ya kupanga mizigo kwenye ghala, na kwamba ameacha shule kwa hiari yake, amechoka na vitabu. Hivyo ndivyo alivyowaambia. Wengine walisema Mzaramo na shule wapi na wapi, wakacheka, na nikagundua kwamba mimi peke yangu ndiye niliyekuwa najua, na kwamba sikuwa na mahali pa kulisemea.

Mwaka wangu wa pili chuo kikuu dada alipokea simu kutoka Mesquite. Yule baba wa binti alikuwa ameachana na habari za cheti, amesema kijana ana adabu, inatosha. Harusi imepangwa, na mtani alikuwa ameomba mimi nije, nisikose, kwa sababu bwana harusi hawezi kutoka mlangoni bila mtani wa kumzuia na kumtukana mbele ya watu, na kule Mesquite hapakuwa na Mnyamwezi. Dada alininyooshea simu niongee na mtani mwenyewe.

Nilitikisa kichwa. Nilimwambia dada amwambie nina mtihani wikiendi hiyo. Sikuwa na mtihani wowote.